Hamali na Ustahimilivu: Juu ya Hadithi ya Mtu Mwenyewe katika Mafunzo ya Watoto

Katika Dar es Salaam liko soko ambalo jina lake hutamkwa kila siku na maelfu ya watu, nao ni wachache waliopata kuuliza maana yake. Kariakoo si neno la Kizaramo, wala si la Kiarabu, wala si la Kihindi. Ni maneno mawili ya Kiingereza, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, yaliyopita katika vinywa vya watu wa pwani yakatoka na sura ya Kiswahili. Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba 1916, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamepatenga kwa ajili ya mji wa Waafrika palifanywa kambi ya wapagazi wa vita. Vita vilipokwisha kambi iliondoka, viwanja vikagawanywa, nyumba zikajengwa. Jina likabaki pale pale.

Wapagazi hao hawakuwa wachache. Katika pande zote mbili za vita walihesabiwa kwa malaki, na wengi wao hawakwenda kwa hiari yao. Waliokufa kwa kuhara, homa, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Hesabu za serikali ya Uingereza zilitaja wafu zaidi ya 40,000 kwa upande wake. Waandishi wa historia waliokuja baadaye wameona kwamba idadi ya kweli yaweza kuwa maradufu ya hiyo. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya dola ile katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa.

Tumeanza na jina hili kwa sababu jambo tunalotaka kulipima limefungwa ndani ya lugha yenyewe. Mtu achukuaye mizigo kwa ujira twamwita hamali. Neno hili asili yake ni Kiarabu, nalo latoka katika shina lenye maana ya kubeba. Katika shina lilo hilo limetoka neno stahimili, na kutokana nalo twapata ustahimilivu, yaani ile tabia ya kukaa na mtu asiyefanana nawe pasipo kumchukia wala kumfukuza. Kama msomaji asema kwamba hayo ni ya Kiarabu tu, na atazame Kiswahili cha Kibantu. Kuchukua ni kubeba mzigo. Kuchukuliana ni kuvumiliana na kupatana. Lugha zetu mbili, ile tuliyoazima na ile tuliyozaliwa nayo, zimefika mahali pamoja kwa njia mbalimbali: mstahimilivu ni mtu abebaye. Hamali na mstahimilivu ni ndugu wa shina moja, ingawa yule hutukanwa sokoni na huyu husifiwa darasani.

Sasa swali letu ni hili. Walimu wengi wa siku hizi wanasema kwamba watoto hufunzwa vema habari za dhuluma na ustahimilivu kwa njia ya hadithi ambayo mtu ameitoa katika maisha yake mwenyewe, ikiwa ni kwa kitabu, au kwa mchezo wa kuigiza, au kwa sanamu. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ni hadithi za namna gani zifaazo?

Njia yenyewe si ngeni kwetu. Wazaramo, wenyeji wa nchi inayouzunguka mji huu, walimpa mwali kinyago kidogo cha mti kiitwacho mwana hiti, na mafunzo ya unyumba yalimfikia kwa kukishika kinyago kile na kusikia maneno ya wakubwa waliokwisha kupita njia ile ile. Utani nao, ambao huwaruhusu Mzaramo na Mnyamwezi kutukanana pasipo kugombana, ulistawishwa na safari za misafara, ambamo wachukuzi wa bara na watu wa pwani walikutana, wakahitaji desturi ya kuwazuia wasiuane. Kwa hiyo mambo haya mawili, kufunza kwa kitu chenye hadithi, na kuchukuliana kwa maneno ya mzaha, yalikuwako kabla ya shule. Mapya ni kwamba hadithi imetiwa katika kitabu na kusomwa na watoto ambao hawakumjua msimulizi wala watu anaowashitaki.

Hapo ndipo penye hatari. Msikilizaji wa zamani alimwona msimulizi usoni, akaweza kumwuliza, na pengine mdhalimu mwenyewe au mtoto wake alikuwa ameketi katika baraza ile ile. Kitabu hakiulizwi. Mtoto wa Kariakoo asomapo habari za dhuluma, aliye kando yake katika benchi yaweza kuwa ni mjukuu wa mtu wa kabila lile lile lililotajwa kitabuni. Shule za Tanganyika zilitengwa kwa rangi, hii ya Waafrika, hii ya Wahindi, hii ya Wazungu, hata sheria ilipobadilishwa na shule zikawa za watoto wote tangu mwaka wa 1962. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi katika zamani za ukoloni ili mji wa Waafrika utengane na mtaa wa Wahindi. Leo watoto huuvuka wakienda shuleni pasipo kujua kwamba ulikuwa mpaka. Tena maneno juu ya wageni hayajakwisha: katika mwaka wa 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia wasifanye biashara fulani fulani ndogo, na kabla ya amri hiyo manung'uniko juu ya maduka ya wageni Kariakoo yalikuwa mengi. Hatuihukumu amri hiyo hapa. Twasema tu kwamba mtoto husikia maneno ya watu wazima dukani na nyumbani, na hadithi tunazompa shuleni huchanganyika nayo.

Basi twaweka vipimo vitatu. Kwanza, msimulizi aseme aliyoyaona, au aliyoambiwa na mwenye kuyaona, wala asipake rangi. Pili, alitaje tendo kwa jina lake, asilitupe juu ya kabila zima. Tatu, amwachie msikilizaji nafasi ya kujiuliza kama yeye naye angeweza kuketi katika kiti cha mdhalimu. Hadithi iliyopungukiwa na kipimo cha tatu yaweza kumfunza mtoto kulia, nayo isimfunze kuchukuliana na mtu.

Kitabu cha kwanza tutakachokipima ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa London mwaka wa 1934, kikasomwa na watoto wa shule katika Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi. Mbotela alikuwa mtoto wa watu wa Frere Town, kijiji cha watumwa waliookolewa kilichoanzishwa na wamisionari karibu na Mombasa katika miaka ya 1870. Aliyoyaandika aliyapokea kwa wazee wake waliokamatwa, wakatembezwa hadi pwani, wakatiwa majahazini. Kwa kipimo cha kwanza kitabu hiki kina nguvu. Mwandishi hasemi juu ya utumwa kama mtu asomaye hesabu; asema kama mtu aliyekula sahani moja na wale waliofungwa. Kiswahili chake ni chepesi, na mtoto akianza hakiachi.

Kwa kipimo cha pili twaona upungufu. Kitabu kimepangwa hivi: wadhalimu wako upande huu, waokoaji upande huu, na waliookolewa wako katikati wakishukuru. Mwarabu ndiye abebaye lawama, na Mwingereza ndiye apewaye sifa. Lakini biashara ile haikuwa ya taifa moja. Machifu wa bara waliuza watu. Wafanya biashara wa Kihindi walikopesha fedha za misafara. Pembe za ndovu zilizochukuliwa na watumwa na wapagazi zilinunuliwa Ulaya na Marekani, zikafanywa vipande vya kupigia piano na mipira ya mchezo. Mtoto asiyeambiwa hayo hujifunza jina la kabila la kuchukia, naye hajui bado dhuluma ni nini.

Na kwa kipimo cha tatu, jina la Kariakoo lenyewe lakisahihisha kitabu. Watumwa wa Unguja waliachiliwa kwa sheria mwaka wa 1897, wa Kenya mwaka wa 1907, na wa Tanganyika mwaka wa 1922 tu. Maana yake ni kwamba Waingereza walipokusanya watu kwa nguvu ili wachukue mizigo ya vita, utumwa haujakomeshwa bado kwa sheria katika nchi hii waliyokuwa wakiiteka. Mkono uliofungua mnyororo baharini ndio huo huo uliokamata watu vijijini. Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo, tena kwa ukali. Hatusemi haya ili kumdharau Mbotela, ambaye alikuwa na haki ya kuwashukuru waliowaokoa wazazi wake. Twasema kwamba mwalimu wa Kariakoo akikitumia kitabu hiki, na akitumie pamoja na jina la mtaa. Hapo mtoto ataona kwamba mwokozi wa leo aweza kuwa mdhalimu wa kesho, na ya kuwa kiti cha mdhalimu hakina kabila.

Wa pili ni Shaaban Robert. Yeye alizaliwa karibu na Tanga mwaka wa 1909, lakini masomo yake aliyapata Dar es Salaam, katika shule ya Msimbazi, tangu 1922 mpaka 1926. Basi mitaa ya Kariakoo ilipokuwa ikijengwa, mshairi wetu alikuwa kijana pale pale. Baadaye alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi. Kitabu chake Maisha Yangu kilitoka mwaka wa 1949, na ndani yake mna tenzi mbili alizowaandikia watoto wake, Hati kwa binti yake, na Adili kwa mwanawe wa kiume. Hapa twaona jambo ambalo Mbotela hakulifanya: msimulizi amwambia mtoto aliye wake mwenyewe, jinsi ya kuishi na watu. Sauti yake ni ya upole. Hujipima mwenyewe kwanza kabla ya kuwapima wengine, na kwa kipimo cha tatu hapana mwandishi wa zamani zile amshindaye.

Lakini upole huo una gharama. Karani Mwafrika wa miaka ile aliishi chini ya sheria iliyompangia mshahara, makao na hospitali kwa rangi ya mwili wake, na msomaji wa Maisha Yangu atakiwaye kuyajua hayo itambidi kuyatafuta zaidi mahali pengine. Mtoto afunzwaye adili peke yake, pasipo kuonyeshwa dhuluma, aweza kudhani kwamba ustahimilivu ni kunyamaza. Nadhani mwandishi mwenyewe aliliona jambo hili, kwa maana miaka miwili baadaye, mwaka wa 1951, alitoa Kusadikika, hadithi ya nchi isiyokuwako duniani. Humo Karama ashitakiwa kwa kosa la kuwafundisha watu sheria. Aliposimama mbele ya baraza kujitetea, hakueleza maonevu yake mwenyewe. Alisimulia habari za wajumbe sita, ambao kila mmoja alitumwa mahali pa mbali kutafuta heri ya nchi, akarudi akatupwa kifungoni.

Msomaji na atafakari jinsi utetezi huo ulivyo. Mtu aliye katika hatari ya kufa atumia nafasi yake kuwasemea watu sita wengine. Amechukua hadithi zao kama hamali achukuavyo mzigo usio wake, na kwa kuufikisha mzigo huo aliokoka yeye, na wale sita wakafunguliwa. Alilolinyamazia katika maisha yake, Shaaban Robert alilitamka kwa kinywa cha Karama. Kwa hiyo kwa mafunzo ya watoto vitabu hivi viwili havifai kutenganishwa. Cha kwanza chafunza kujihukumu. Cha pili chafunza kumsemea aliyeonewa.

Tugeuke sasa tutazame sanamu. Mtu atokaye Kariakoo kwenda bandarini kwa miguu atafika katika njia panda ambapo amesimama Askari wa shaba, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, aliyewekwa mwaka wa 1927. Bunduki yake ameielekeza bandarini. Maandishi ya ukumbusho ule yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, nayo yawataja wapagazi pia. Ni kazi njema kwa mkono, na watu wa mji waipenda. Hata mahali pale pameitwa kwa jina lake. Lakini kama njia ya kufunza habari za dhuluma ina pungufu kubwa, maana haina msimulizi. Aliye juu ni askari, naye hana jina, wala hatuambiwi alikotoka wala kama alikwenda kwa kupenda. Mtoto amtazamapo huona ushujaa. Hawezi kumwona mtu aliyeanguka njiani na mzigo kichwani, na hakuna aliyesimama kumwambia. Kumbukumbu iliyo kubwa zaidi ya wapagazi katika mji huu ni jina la soko. Nalo ni neno tu, lililosahauliwa maana.

Hata hivyo sanaa ya kusimulia imepata njia nyingine mjini humu, ambayo yastahili kusemwa. Katika mwaka wa 1996 walimu wawili wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Amandina Lihamba na Penina Muhando, yule mtungaji wa Hatia na Nguzo Mama, walianzisha mradi uitwao Tuseme kwa wasichana wa shule za sekondari. Wasichana hawakupewa mchezo uliokwisha kuandikwa. Waliulizwa ni mambo gani yanayowazuia wasifaulu masomoni. Wakayataja, wakayachambua, kisha wakatunga michezo, nyimbo na ngoma kutokana na mambo hayo, wakayaonyesha mbele ya walimu na wenzao. Njia hiyo imekwisha kuenea katika nchi nyingine za Afrika.

Kwa kipimo cha kwanza kazi hii yavishinda vitabu vyote viwili, kwa kuwa msimulizi ni mtoto mwenyewe naye yupo papo hapo aweze kuulizwa. Baraza ya zamani imerudi. Kwa kipimo cha pili pia yafaa, maana katika mchezo wa kuigiza tendo huonekana kwa macho: si lazima kusema kwamba watu fulani ni wabaya, yatosha kuonyesha binti akitumwa sokoni saa ya masomo huku ndugu yake ameketi akisoma. Na msichana aigizaye sehemu ya baba mkali hana budi kuingia katika moyo wa baba yule, ajue maneno yake na hofu zake. Hakuna kitabu kiwezacho kumketisha mtoto katika kiti cha mdhalimu kwa njia iliyo bora kuliko hiyo.

Twaona hatari moja. Hadithi ya mtoto ni yake, na mkubwa aipokeaye aweza kuiharibu kwa kuitengeneza. Akiisafisha lugha, na kuiongeza mafundisho mwishoni, na kumchagulia msimulizi machozi ya kulia, hadithi ile imekwisha kuwa ya mwalimu. Tena yako mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasema mbele ya watu kabla hajapata mtu wa kumlinda, na mwalimu mwema atajua lini afunge pazia. Kumfanya mtoto aonyeshe jeraha lake ili wengine wafundishwe, kisha kumrudisha nyumbani kwa yule aliyemjeruhi, ni dhuluma ya pili.

Basi jibu letu ni kwamba njia hii ni ya kweli, kwa masharti. Hadithi ya mtu mwenyewe humfunza mtoto dhuluma vema kuliko mahubiri, kwa sababu dhuluma haionekani mpaka iwe na uso. Lakini ustahimilivu hauji wenyewe nyuma yake. Huja pale mtoto anapotakiwa kuibeba hadithi isiyo yake, kama Karama, kama binti aigizaye sehemu ya baba. Asimuliaye yake peke yake ametua mzigo. Asimuliaye ya mwenziwe kwa uaminifu ameuchukua. Maneno yenyewe yalitwambia hivyo tangu mwanzo.

Kwa walimu wa mitaa ya Kariakoo, Gerezani na Ilala tunatoa shauri dogo. Wapelekeni watoto sokoni asubuhi wawatazame wachukuzi na mikokoteni yao. Waulizeni kila mmoja amtafute mtu mzima asiye wa kabila lake wala wa dini yake, aombe kusimuliwa jambo moja tu aliloonewa, na jambo moja alilomwonea mtu. Hilo la pili ndilo gumu, nalo lisiachwe. Kisha mtoto alisimulie darasani kwa maneno ya mwenyewe, kwa ruhusa yake, au alichore, au aliigize pamoja na wenzake.

Na kwa wasomaji wetu tuna ombi. Wapagazi wa vita wamekwisha kufa wote, na watoto wao karibu wote. Wajukuu wangalipo, katika mji huu na katika vijiji vya bara walikotoka. Aliyesikia kwa babu au bibi habari za mtu aliyechukuliwa asirudi, au aliyerudi asiseme, na aziandike jinsi alivyozisikia, kwa lugha ile ile iliyotumika, pamoja na jina la mtu na la kijiji chake. Asizipambe. Wimbo wa safari ukikumbukwa, uandikwe hata kama maana yake imepotea. Majina yasiyopatikana katika mawe ya makaburi huenda yakapatikana katika vinywa vya wazee, kama yataulizwa sasa.